KAMATI IMEVUNJWA, KIOO NACHO KIMEVUNJIKA!

Msomaji wangu, hebu nikuulize kwanza. Umewahi kuazimwa gari? Sisemi gari la kukodi, ambalo likichubuka unalipia na maisha yanaendelea. Nasema gari la shemeji, mtu ambaye kila ukila ugali kwake unahisi anakupigia hesabu. Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Kama umewahi, kaa mkao wa kula, maana yaliyonikuta mimi Kisongo kesho yanaweza kukukuta wewe.

Mimi ni kijana wa mjini. Fomu foo nimemaliza, leseni ninayo, gari sina. Mume wa dada yangu ndiye mwenye gari, Harrier nyeusi, ile ambayo vijana wameibatiza jina la "tako la nyani" kwa jinsi ilivyokaa kwa nyuma. Jina halipendezi, lakini mchuma wenyewe usipime. Viti vya ngozi, muziki mnene, na juu kuna sanrufu, yaani kile kipande cha kioo cha paani ambacho ukibonyeza swichi kinarudi nyuma taratibu na wewe unaiona mbingu.

Hiyo sanrufu ndiyo iliyoleta kasheshe.

MDOMO ULIPONIPONZA

Rafiki yangu mmoja alikuwa anaoa Desemba. Si unajua tena Arusha ya Desemba? Kila aliyekwenda kutafuta maisha anarudi nyumbani, na kila mwenye mchumba anataka kumaliza kazi. Kumbi zimejaa, matarumbeta yamekodiwa mpaka Jumapili, na kadi za michango zinakufuata hadi kitandani.

Basi bwana, tukiwa kwenye kikao, mwenyekiti wa kamati akasema mambo yote yako sawa isipokuwa gari la mpiga video. Siku hizi harusi bila mpiga video kuchomoza kwenye paa haijanoga. Mbele inatangulia pikapu ya matarumbeta, inafuata gari la kamera, halafu gari la maharusi. Jamaa wa kamera anasimama kwenye kiti, anatokeza kuanzia kiunoni, anaangalia nyuma na kuwapiga picha bwana na bibi harusi wakipunga mikono. Kwa kazi hiyo lazima gari liwe na sanrufu.

Nikashtukia nimenyoosha mkono. "Gari lipo, mwenyekiti."

Kamati nzima ikanipigia makofi. Kwa mara ya kwanza katika vikao vinne nilionekana mtu wa maana. Msomaji, makofi ni kitu kibaya sana.

Bahati nzuri, au niseme mbaya, shemeji alikuwa na safari ya Dodoma na angerudi Jumanne jioni. Dada akaniombea. Shemeji akanipa ufunguo huku amenikazia macho. "Shemeji, lilivyo ndivyo nilikute." Nikaapa kwa majina yote.

Jumamosi mambo yalikwenda kwa soksi. Tulitoka kanisani, tukazunguka Mnara wa Saa mara tatu, tukashika barabara ya Dodoma. Tukapita Mbauda watu wakishangilia, tukayapita mashamba ya kahawa ya Burka, tukaupita uwanja mdogo wa ndege ambako vile vindege vya watalii huruka kwenda Serengeti na Zanzibar. Mbele ya hapo ndipo Kisongo, kwao bibi harusi.

Anayeijua Kisongo anajua upepo wake. Mlima Meru uko pale nyuma yako umevaa kijani, lakini wewe umesimama kwenye nchi kavu ya Wamasai, na vumbi likiamua kukusalimia, linakusalimia mpaka kwenye meno. Tulipoacha lami kuingia njia ya nyumbani kwa bibi harusi, upepo ukanyanyua wingu zima. Mpiga video akaanza kukohoa, akajishusha ndani na kamera yake. Mimi nikavikumbuka viti vya ngozi vya shemeji. Bila kuangalia juu, nikabonyeza swichi ya kufunga.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba stendi ya kamera, chuma kitupu, ilikuwa bado imechomoza pale juu.

Nilisikia "ka!", halafu mlio kama mtu kamwaga gunia la kokoto. Kufumba na kufumbua, kioo hakipo. Kimegeuka chembe nyeupe nyeupe kama chumvi ya mawe, zimejaa kwenye nywele za mpiga video, mapajani mwangu, na kwenye viti vile vile nilivyotaka kuviokoa na vumbi.

KIOO KIMOJA, TABIA MBILI

Labda unajiuliza, mbona kioo cha mbele kikipigwa na jiwe kinachanika mistari tu na kinabaki mahali pake, lakini hiki kilimwagika chote? Nami nilijiuliza, na baadaye nikatafuta jibu.

Kioo cha paani kwenye magari mengi huchomwa kwenye tanuri mpaka kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa upepo wa kukipoza ghafla. Ngozi ya nje inakaza kwanza, tumbo la ndani linapoa baadaye huku likivuta. Kwa hiyo kioo hicho huishi maisha yake yote kimejikaza kama msuli. Ukikipiga katikati kinavumilia sana. Lakini ukikigonga ukingoni kwa chuma, mkazo wote unaachia kwa mpigo mmoja na kioo kizima kinakuwa chembe. Uzuri wake ni kwamba chembe zenyewe ni butu. Mimi na mpiga video tulitoka na michubuko midogo tu.

Kioo cha mbele ni ndugu wa baba mwingine. Ni vioo viwili vilivyobanana na katikati yake kuna utando wa plastiki. Wazo hilo lilianzia kwenye ajali kama yangu. Mwaka 1903 mkemia mmoja wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara. Ikapasuka lakini haikusambaa, kwa sababu ndani ilikuwa na utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 akaandikisha ugunduzi wake. Yeye alivunja kioo akapata sifa. Mimi nilivunja kioo nikapata presha.

"KAMATI TUNAIVUNJA KESHO"

Sherehe ikaendelea. Ndafu ikakatwa, keki ikalishwa, watu wakacheza mpaka viatu vikavuliwa. Mimi nilikuwa nje nimekaa na gari kama mfiwa.

Nikamfuata mwenyekiti, nikamweleza kwa adabu kwamba gari limeharibika kwenye shughuli ya kamati. Akanipigapiga begani. "Pole sana, mdogo wangu. Lakini hesabu tumeshafunga, na kamati yenyewe tunaivunja kesho. Karibu kwenye supu."

Ebo! Yaani kamati inavunjwa kwa supu na bia, kioo kimevunjika bila mwenyewe! Mpiga video alikuwa muungwana zaidi. Akanionyesha stendi yake iliyopinda, kisha akatoa elfu arobaini mfukoni. "Kosa ni letu wawili, mshikaji. Ndiyo niliyo nayo."

Kurudi mjini sikuweza. Dada angeliona gari. Baba wa bibi harusi akaniruhusu nililaze uani kwake. Jioni ile wingu likaanza kushuka kutoka Meru, nikaona kabisa mvua inakuja kuogea ndani ya Harrier.

Jamaa mmoja mwenye gereji akajitolea kunisaidia. "Hiyo ndogo. Tunapiga bati, tunamwaga silikoni, biashara imekwisha." Nikaliwazia gari la shemeji likiwa na kiraka kama cha paa la banda la kuku. Nikamwambia asante, nitafikiria.

Aliyeniokoa alikuwa dereva wa watalii, mmoja wa waalikwa. Arusha, ukiwa na tatizo la paa la gari, waulize watu wa utalii. Mafundi wa mji huu wamezikata Land Cruiser paa miaka nenda miaka rudi ili mgeni asimame aangalie simba. Zile hazina kioo cha kuteleza. Paa zima linanyanyuka juu ya nguzo za chuma na linabaki kuwa kivuli. Dereva akaniambia, "Kuna fundi wa vioo hana gereji. Ana boksi na pikipiki, anakufuata ulipo. Sisi kokoto zikitupasulia kioo cha mbele tunampigia yeye."

Nikampigia. Hata hakuuliza bei nitakayotoa. Aliuliza nimebonyeza swichi tena au la. "Usiiguse. Vipande vikiwa kwenye reli, ukiendesha mota unakwangua njia na kukata nyaya, halafu kioo cha laki mbili kinakuwa mashine ya milioni. Funika kwa nailoni kutokea nje, futa vumbi kwanza ndipo ubandike gundi ya karatasi. Na usiende nalo barabara kuu, upepo utainyonya hiyo nailoni."

Akataka namba ya chasisi na picha ya vipande vilivyobaki vimeng'ang'ania kwenye fremu, aone alama na rangi ya kioo. Harrier hii si Harrier ile, alisema. Ukikosea toleo, kioo kinakataa kukaa kama kiatu cha mwenzio.

LAKI TATU ZA KOZI

Kioo kilipatikana Ilala, Dar es Salaam, kimevuliwa kwenye gari lililokuja kuuzwa vipande. Laki mbili na ishirini. Kukisafirisha kwa basi elfu kumi na tano. Ufundi elfu sitini. Jumla, laki mbili na tisini na tano elfu.

Msomaji, mimi sikuwa nimechacha kabisa. Nilikuwa na laki tatu kamili, nimezikusanya kwa mwaka mzima kwa kuandikaandika na vibarua vya hapa na pale. Zilikuwa za kozi ya udereva, nami niingie kwenye utalii kama wenzangu. Nilizitazama kwenye simu, nikafumba macho, nikazirusha. Ukitoa zile elfu arobaini za mpiga video, kozi yangu ilibakiwa na elfu arobaini na tano.

Jumapili usiku mvua ilinyesha. Nililala ndani ya gari nikisikiliza nailoni inavyopigwa, kila dakika naamka napapasa viti.

Jumatatu kioo kikapanda basi la alfajiri, kimefungwa maboksi na blanketi. Jumanne saa mbili asubuhi fundi akaingia uani na pikipiki, mzigo ameufunga nyuma kama mtoto. Mtu wa makamo, maneno machache. Shemeji naye alikuwa ameshatoka Dodoma.

Kwanza hakugusa kioo kipya. Alitumia karibu saa nzima kuondoa kile cha zamani. Ana kimashine cha kunyonya kinachotumia betri, ana brashi, ana gundi ya karatasi ya kuokotea chembe moja moja kwenye reli. Nilimwambia mbona pameshakuwa safi. Akapitisha kidole, akanionyesha chembe kama punje ya mchele. "Hii peke yake ingetosha kukurudisha kwangu."

Halafu akafungua skrubu ndogo za kichwa cha nyota zilizoshika fremu, akaitoa, akakiweka kioo kipya na mpira wake. Nilidhani atakaza aondoke. Wapi! Alikaza nusu, akalala shavu juu ya paa kukiangalia. Mbele kioo kinatakiwa kiwe chini ya bati kwa unene wa ukucha, nyuma kiwe juu kidogo vile vile, la sivyo kwenye mwendo kinapiga mluzi. Kisha akaomba karatasi ngumu. Mfukoni nilikuwa na kitu kimoja tu, kadi ya mchango wa harusi. Akaifungia kati ya mpira na bati, akaivuta. Inatakiwa ivutike kwa shida kidogo. Alizunguka nayo pande zote nne, akirekebisha skrubu. Angalau ile kadi ilinifaa kwa kitu.

Na mvua je? Hapa nilijifunza jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Ule mpira hauzuii maji yote. Maji kidogo huingia, hudondokea kwenye mfereji unaozunguka kioo, na kwenye pembe zake kuna mipira myembamba inayopita ndani ya nguzo za gari kuyashusha chini. Vumbi kama la Kisongo likiziba mipira hiyo, maji yanafurika na kulowesha zulia, na mwenye gari anaanza kununua silikoni kumwagia kioo kisicho na kosa. Fundi alipitisha uzi laini wa nailoni kila pembe. Alisema upepo mkali wa kompresa unaweza kuichomoa mipira ndani kwa ndani. Akamimina kikombe cha maji kwenye mfereji, tukainama wote wawili chini ya gari. Yakatoka matone, ya kwanza yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

"NIMEKUJA KUBADILISHA KIOO"

Kazi ilipokaribia kuisha, nikamsogelea. Nilikuwa na mpango wangu.

"Fundi, mwenye gari akikuuliza, sema ni jiwe. Watoto walirusha jiwe."

Hakukasirika. Alinishika mkono, akanielekeza kwenye ukingo wa bati pale mbele, chini ya mpira. Palikuwa na kikovu, kimebonyea kama alama ya ukucha.

"Jiwe halifanyi hivi. Hapa kuna chuma kilichobanwa." Akatazama watoto wa pale nyumbani waliokuwa wametuzunguka tangu asubuhi. "Hawa juzi hawakupanda wakachungulia kwenye hilo tundu?"

Nikakumbuka. Kabla ya kwenda kanisani wawili walikuwa wamesimama kwenye kiti, vichwa nje, vidole vimeshika ukingo huo huo.

"Magari mengine yakigusa kitu yanarudi nyuma yenyewe. Mengine hayarudi. Wewe uliona bahati mbaya kwa sababu ilikuwa stendi." Akaanza kukusanya vifaa. "Kijana, nimekuja kubadilisha kioo. Sikuja kubadilisha maneno."

Akaniachia maagizo ya mwisho. Nishikilie swichi mpaka kioo kifike mwisho na kutulia, mota ijifunze upya pa kusimama. Kila miezi michache nifute mfereji kwa kitambaa. Akawasha pikipiki, akapotelea kwenye vumbi kuelekea lami.

Saa kumi na moja nililiegesha gari nyumbani kwa shemeji, limeoshwa linang'aa. Akafika, akalizunguka, akaingia, akafungua paa, akafunga. Kimya. Kioo kipya kina wekundu kidogo kuliko cha zamani, lakini lazima uambiwe ndipo uone. Akatoka anatabasamu. "Shemeji, umenitunzia."

Hapo nilikuwa nimeshinda, msomaji. Ningesema ahsante nikaingia ndani kula. Lakini nilisikia vidole vya wale watoto kana kwamba ni vyangu. Nikamwambia yote, toka makofi ya kamati mpaka kikovu cha chini ya mpira. Akarudi garini, akakipapasa kile kikovu muda mrefu.

"Ulilipa shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Zilikuwa za kozi yako, au sio?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakunirudishia, na sikutegemea. Akauweka ufunguo mfukoni na kwa miezi miwili sikuuona tena. Siku moja, mimi niko kwenye ugali wangu kama kawaida, akaurusha mezani.

"Mpeleke dada yako saluni. Paa usiguse."

Basi wapendwa, harusi bado zipo na sanrufu bado zipo. Ukiendesha, kabla ya kubonyeza ile swichi inua macho, hesabu vichwa na vidole. Kama ni watoto, waketi chini wafunge mkanda, mbingu wataiona wakishuka. Kama kioo kimekwisha vunjika, usibonyeze tena, funika, muite anayejua kazi akufuate ulipo. Na ukiwa kwenye kikao cha harusi mwenyekiti akauliza nani ana gari, kunywa soda yako.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.